Swali kwa Fundi: Noah yangu imeanza kunywa, nimlaumu nani?

*Anayejibu safu hii ni fundi tairi mwenye kijiwe chake Msamvu, Morogoro.*

Fundi, shikamoo. Nina Noah ya cc 2000. Matairi iliyokuja nayo ni 195/65R15. Mwezi wa tatu yalikuwa yamekwisha, kipara kabisa, hadi trafiki wa Mlandizi akanisimamisha na kunionya. Barabara ya kuingia kwangu ina makorongo na gari linagusa chini, kwa hiyo muuzaji akanishauri nifunge 205/70R15 zenye kashata kubwa, yale meno ya raba yanayokanyaga barabara. Akasema tairi kubwa likizunguka mara moja linafika mbali, kwa hiyo hata mafuta nitaokoa. Zamani lita moja ilinipeleka kilomita 11. Juzi nimetumia lita 40 nikatembea kilomita 384 tu, yaani 9.6 kwa lita. Nani mwongo hapa: tairi, muuzaji, au sheli? – Mwenye Noah, Kibaha

Marahaba, mwanangu. Sheli tuiache kwanza. Nimeifurahia barua yako kwa sababu ina namba. Hapa kijiweni kila siku naambiwa "gari linakula sana". Nikiuliza sana ni lita ngapi, mtu anaanza kuangalia juu ya mti.

Chukua kalamu. Ile 195 ni upana wa tairi kwa milimita. Ile 65 ni kimo cha ubavu, asilimia 65 ya upana huo, yaani milimita 126.75. Ubavu uko juu na chini, kwa hiyo mara mbili: 253.5. Rimu ya inchi 15 ni milimita 381. Jumlisha: tairi lako la zamani, likiwa jipya, lina kimo cha milimita 634.5. Sasa fanya hivyo hivyo kwa 205/70R15. Ubavu ni 143.5, mara mbili 287, ongeza 381, unapata 668. Tofauti ni milimita 33.5, ambayo ni asilimia 5.3.

Hapo ndipo kesi yako ilipo. Gari halijui umbali. Linachojua ni gurudumu limezunguka mara ngapi, na mizunguko hiyo linaizidisha kwa mzingo wa tairi walilolipangia kiwandani. Wewe umebadilisha tairi, dashibodi hukuiambia. Inapokuandikia kilomita 384, umekwenda 404. Gawanya kwa lita 40: ni 10.1, wala si 9.6.

Subiri, sijamaliza na hiyo dashibodi. Ulisema yale ya zamani yalikuwa kipara. Tairi jipya la gari dogo huwa na kashata za kina cha milimita 8 hivi. Yako, kwa namna trafiki alivyoyaona, sidhani kama yalikuwa na zaidi ya mbili. Milimita sita zimeliwa juu, sita chini, kimo kimepungua 12 na kubaki 622.5. Hiyo ni karibu asilimia mbili. Tairi fupi linazunguka mara nyingi zaidi kwa mwendo ule ule, kwa hiyo dashibodi ilikuwa inakupa kilomita za bure, kila 98 ikiziandika 100. Ile 11 uliyokuwa ukijivunia ilikuwa 10.8.

Kwa hiyo umetoka 10.8 ukafika 10.1. Umepoteza 0.7, hukupoteza 1.4. Nusu ya kilio chako iko kwenye dashibodi, haiko kwenye tangi. Usiniamini mimi tu. Siku ukienda Chalinze washa ramani ya simu, andika kilomita za dashibodi ukiondoka na ukifika, kisha linganisha. Na mafuta pima kwa kujaza tangi mpaka bomba likate lenyewe, safari zote mbili, pampu ile ile.

Sasa hiyo 0.7 iliyobaki ni ya kweli, na ina wakubwa wake.

Mkubwa wa kwanza ni raba yenyewe. Tairi likikanyaga lami linabonyea, likiinuka linarudi umbo lake. Lakini raba hairudishi nguvu yote uliyoipa, nyingine inabaki humo ndani kama joto. Ndiyo maana ukigusa tairi baada ya safari unalikuta moto hata kama jua limeshazama. Joto hilo umelinunua sheli. Raba ikiwa nyingi na kashata zikiwa nene, zinajinyonganyonga zaidi kila zinapokanyaga. Jambo ambalo wateja hawapendi kulisikia ni kwamba tairi jipya linabingirika kwa uzito kuliko lile lile likiwa kipara. Kila mwaka napata mtu aliyefunga matairi mapya, saizi ile ile, kampuni ile ile, akarudi wiki ya pili kulalamika kwamba nimemuuzia matairi yanayokula mafuta. Hilo halikupi ruhusa ya kurudi kwenye vipara. Mlandizi ulionywa, siku nyingine utalipa faini, na mvua ikinyesha utalipa zaidi.

Mkubwa wa pili ni gia. Tairi refu ni kama umeondoka na gia namba mbili: linataka injini isukume zaidi ndipo gari liondoke. Noah yenye watu saba kwenye foleni, simama ondoka, simama ondoka, hapo ndipo mafuta yanapokwenda. Kwenye barabara iliyonyooka, ukiwa themanini, injini inazunguka taratibu kidogo kuliko zamani, na hapo unaweza kurudishiwa senti mbili tatu. Muuzaji wako alichukua hiyo sehemu ya barabara kuu akakuuzia kama habari nzima.

Tena hata kwa nadharia ana nusu ya haki. Gurudumu refu, mengine yote yakiwa sawa, linabingirika kwa urahisi kuliko fupi. Sisi tuliokua na baiskeli ya Phoenix tunajua: gurudumu lake la inchi 28 lilikuwa linavuka mchanga ambamo baiskeli ya mtoto ya inchi 20 inakwama. BMW walipotengeneza gari lao dogo la umeme, i3, waliliwekea tairi la 155/70R19. Litazame vizuri: rimu inchi 19, ndefu kama ya gari kubwa, lakini upana milimita 155 tu, mwembamba kuliko wa Vitz nyingi. Refu na jembamba, kama Phoenix. La kwako ni refu, pana, na lina kashata za shambani. Ukichanganya hayo, faida ya urefu inamezwa.

Halafu nikuulize: umepata nini? Kimo kimeongezeka milimita 33.5, lakini gari linapanda kwa nusu yake tu, maana nusu nyingine iko juu ya ekseli. Ni milimita 17. Weka kidole gumba ubavuni mwa gari ukitazame, ndio unene huo. Kama korongo lako linataka zaidi ya kidole gumba, dawa si tairi.

Kingine ni spidi. Spidomita za magari mengi hupangwa zisome juu kidogo ya mwendo wa kweli, na huo mwanya mdogo ndio umewaokoa madereva wengi kwenye vibao vya 50. Wewe umeshaula. Sasa ukisoma 50 jua mwendo umepanda kwa ile asilimia tano, na tochi haitasikia habari za saizi ya tairi.

Ufanyeje? Usiyang'oe. Najua ulitegemea niseme urudi kwenye 195/65, lakini hela imeshatoka. Piga hesabu: kwa kilomita 1,000, kati ya 10.8 na 10.1 kuna tofauti ya lita sita na nusu hivi. Zidisha kwa bei ya petroli ya mwezi huu, kisha linganisha na bei ya matairi manne mapya. Yatembelee mpaka yaishe, lakini jaza gari watu, kata usukani hadi mwisho kulia na kushoto, usikilize kama yanakwaruza madigadi. Yakikwaruza, hapo sina huruma, yatoe. Yakiisha, rudi 195/65R15 zenye kashata za barabarani. Ukitaka kimo kidogo, 195/70R15 inafika milimita 654, asilimia tatu juu, nami sivuki hapo kwa gari ambalo halikutengenezwa kwa ajili ya porini. Mwambie muuzaji akuonyeshe namba ya uzito pembeni mwa saizi. Kwa 195/65R15 mara nyingi utakuta 91, maana yake kila tairi linabeba kilo 615. Usikubali iliyo chini ya ile ya mwanzo, Noah hubeba harusi nzima.

Fundi, habari za kazi. Nina Vitz yenye matairi 165/70R14. Kaka yangu ameniletea rimu za spoti za inchi 16 na matairi 195/45R16. Amepiga hesabu akasema kimo ni kile kile, kwa hiyo mafuta hayatabadilika hata tone. Zimependeza kweli. Nimkubalie? – Dada wa Vitz, Dodoma

Nzuri, dada yangu. Mpongeze kaka kwa hesabu. Tairi la zamani ni milimita 586.6, hilo jipya ni 581.9. Hazifiki milimita tano. Dashibodi yako itabaki mkweli. Ila kaka amepima kimo tu, hakuweka gurudumu kwenye mzani.

Mimi niliwahi kuweka. Jirani yangu ananunua mahindi, ana mzani wa kuning'iniza. Gurudumu la inchi 14 la chuma pamoja na tairi lake jembamba lilisoma kilo 13. La inchi 16, rimu ya bei rahisi yenye kung'aa, tairi pana, lilisoma kilo 16 na nusu. Watu wanadhani kila rimu ya spoti ni nyepesi kwa kuwa si chuma. Zilizo nyepesi kweli zipo, na bei yake utaijua tu. Hizi tunazoletewa nyingi zimemwagwa nene ili zisivunjike.

Kilo tatu na nusu mara nne ni 14. Utasema ni begi la unga na chenji. Lakini uzito wa gurudumu haufanani na uzito wa begi. Begi linasukumwa mbele tu, gurudumu linasukumwa mbele na kuzungushwa pia. Uzito ulioko pembezoni kabisa, kwenye tairi na ukingo wa rimu, kila unapoondoka kwenye taa injini inauona karibu mara mbili. Kigari cha cc 1000 au 1300 kinaiona hiyo vizuri. Ukishakuwa kwenye mwendo mmoja, uzito huo hautakusumbua sana, ila upana wa tairi utaendelea kugombana na upepo.

Walioyapima hayo kwa utulivu wapo. Jarida la Marekani la Car and Driver mwaka 2010 walichukua Volkswagen Golf moja wakaifunga rimu za inchi 15 hadi 19, mmoja baada ya mwingine. Kufika 19, maili kwa galoni zilikuwa zimeshuka karibu asilimia 10, na gari likawa zito zaidi kuondoka. Halafu tazama Toyota Prius ya mwaka 2023. Kwa vipimo rasmi vya Marekani, ile ya kawaida yenye rimu 17 inakwenda maili 57 kwa galoni, na ya kifahari yenye rimu 19, injini ile ile, inakwenda 52. Kwa lugha yetu ni kilomita 24 kwa lita dhidi ya 22. Ya kifahari ina vikorokoro vya ziada ndani, ndiyo, lakini tofauti kubwa iko chini ya gari. Na hao ni watengenezaji wenyewe, si kaka wa mtu.

Kwa hiyo tone litabadilika. Kwako sitegemei asilimia 10, maana unaruka inchi mbili, si nne. Kinachoniumiza zaidi ni ubavu. Ulikuwa na milimita 115 za raba kati ya rimu na shimo, sasa utakuwa na 88. Karibu sentimita tatu za godoro umezitoa. Dodoma mjini lami ni nzuri, utapona. Siku utakayokwenda kijijini, rimu itapinda, na rimu iliyopinda hainyooki kwa nyundo ya mtu wa pancha, hata akikuapia. Zihifadhi zile za inchi 14 uvunguni. Za kaka zivae, zimependeza, mwenyewe umesema.

Fundi mambo? Naendesha Corolla ya biashara, Tabora. Wenzangu wanajaza upepo 45 badala ya 32 wanasema gari linaserereka lenyewe, mafuta hayaishi. Kweli? – Dereva kijana

Poa, kijana. Linaserereka kweli, na siku ya mvua litaserereka mpaka mtaroni.

Upepo mwingi unafanya tairi lisibonyee sana, joto linapungua, mafuta yanapungua kidogo. Lakini tairi linakanyaga kwa katikati tu, linaliwa katikati, breki zinakuwa ndefu, na kila jiwe la Tabora linapiga moja kwa moja kwenye bushi. Unaokoa sheli, unalipa kwa fundi wa chini.

Fungua mlango wa dereva, tazama kibandiko kwenye nguzo. Magari ya Japani huandika 220 au 2.2. Wengi wanakipita kwa sababu hawaoni 32, kumbe ni kitu kimoja: 220 ndiyo paundi 32. Kaa hapo, ukibeba mzigo ongeza kidogo kama kibandiko kinavyoelekeza. Faida kubwa haiko kwenye kuzidisha, iko kwenye kutopungua. Wamarekani wanakadiria kwamba kila paundi moja inayopungua kwenye matairi yote inakula asilimia 0.2 ya mafuta. Ukitembea na 22 mwezi mzima umetupa asilimia mbili, na mabega ya tairi umeyamaliza.

Na pima asubuhi, tairi likiwa baridi. Nilipoanza kazi hii, dereva mmoja aliingia mchana kutoka Dodoma, geji ikasoma 38. Nikajiona fundi, nikapunguza mpaka 32 matairi yote manne. Akalala Morogoro. Alfajiri akapima kwingine akakuta 27, akanirudia. Hakunitukana. Alinipa geji mkononi akasema, "Pima tena." Ile 38 ilikuwa 32 iliyopashwa moto na lami. Tangu siku hiyo sitoi upepo kwenye tairi la moto, hata mteja akinisihi.

Nina Subaru Forester. Hela ilikuwa ndogo, nimefunga matairi mawili mapya nyuma, mbele nimeacha ya zamani. Saizi ni moja. Mafuta yamepanda na ninasikia mvutano nikikata kona ya taratibu. – Msomaji, Iringa

Saizi ni moja kwenye maandishi. Kwenye lami si moja. Nyuma una kashata za milimita 8, mbele labda tatu, kwa hiyo mzunguko unapishana zaidi ya milimita 30. Gari linalovuta magurudumu yote manne muda wote linalazimika kuisawazisha tofauti hiyo kila mita, na linaisawazishia ndani ya gia kwa msuguano na joto. Huo mvutano unaousikia kwenye kona ndio huo, na mafuta yanafuata. Subaru wenyewe wanataka mizunguko ya matairi isipishane zaidi ya robo inchi, milimita sita tu.

Inua gari kwa jeki, zungushia kila tairi futi ya fundi cherehani katikati ya kashata, uandike. Usiendelee na safari za mbali hivyo, gia ya Forester ni ghali kuliko matairi manne. Dawa ni kununua mawili mengine mapya kama hayo ya nyuma. Kama mfuko umebana, tafuta mawili ya mtumba ambayo futi inasema yanalingana na ya nyuma, na kabla hujalipa geuza tairi utafute tarakimu nne za mwisho kwenye ule mstari wa ubavuni unaoanza na herufi DOT: ukiona 2319, lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Muuzaji akikuambia ni la mwaka jana, muonyeshe hapo.